Waziri wa Vivuli na Mikuyu ya Zahanati

Nchi yetu haina shida yoyote. Naanza na hilo makusudi, ili mwenye kazi ya kuchunguza maandishi ya watu asome mstari wa kwanza, aridhike, akalale. Nyie wengine njooni tuendelee.

Mimi naitwa Nakundwa, mpiga vigelegele wa wilaya. Msicheke, ni kazi kama kazi nyingine. Mkubwa akija kufungua choo cha shule, naitwa. Akirudi kukifungua choo kile kile kwa sababu mara ya kwanza mpiga picha alichelewa, naitwa tena. Nimeshapiga vigelegele kwenye daraja lisilo na mto, kwenye bomba lisilo na maji, na siku moja kwenye mazishi, kwa kuwa ratiba iliyoletwa ilisema ni uzinduzi na hakuna aliyethubutu kuisahihisha. Kwa hiyo nikisema niliona, niliona. Wapiga vigelegele huwekwa mbele.

Sasa, nyuma ya zahanati yetu kulikuwa na mikuyu minne mikubwa, ya tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Chini yake jua halikufika hata saa saba mchana. Hapo hapakuota mahindi wala mchicha, ndiyo maana hapakugombewa. Paliota vile vilivyozoea gizagiza: kangaga, masale, mkonge pori, na vile vijiua vya zambarau vinavyojishikiza kwenye mawe ya mlimani. Vyote vililetwa na watu. Kwetu mwanamke akijifungua salama, ndugu zake huenda porini kwao wakachimba mche, wakaupanda chini ya mikuyu kabla mzazi hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Nani alianzisha desturi hiyo sijui, ila ukipita pale ungeweza kuonyeshwa: hili sale ni la Kunda, kangaga hizi ni za wale mapacha wa fundi baiskeli. Hatukupaita bustani. Tulipaita uani.

Na wodi ya wajawazito, Mungu wangu! Mkandarasi aliijenga kwa bati, akasahau dari, na madirisha akayaelekeza kwenye ukuta wa stoo. Ilizinduliwa kwa heshima zote, nikapiga vigelegele mpaka nikaumwa koo. Kuanzia asubuhi ikishapata jua huwezi kuweka kiganja ukutani. Kwa hiyo mchana wajawazito walitoka na mikeka yao wakalala uani katikati ya kangaga, na Sista Apaisaria, nesi wetu, alikuwa akiwapimia huko huko.

Mmoja wao alikuwa Tumsifu. Mama yake, Mama Tumsifu, ni jirani yangu na shoga yangu, na Tumsifu ndiye mtoto wake pekee. Alikuwa ameshaharibikiwa na mimba mbili. Hii ya tatu ilifika mwezi wa saba, lakini miguu ilikuwa imevimba na presha imepanda. Sista Apaisaria alisema mbele yangu: "Mama, huyu alale ubavu, apate ubaridi, asisumbuliwe na mtu. Joto la mle ndani litanimalizia mgonjwa." Basi Mama Tumsifu akamtandikia mwanawe mkeka pale masale yalipoota mengi, akakaa naye akimpepea kwa kipande cha boksi. Alichokuwa anamwomba Mungu kilikuwa kitu kimoja tu, miezi miwili ya kivuli.

*

Mwezi huo huo Mtukufu Mlezi wa Taifa alikuwa amesafiri. Mtukufu husafiri ili kutuletea mawazo, maana hapa nchini mawazo ni marufuku. Huko alikokwenda, mwenyeji wake alimtembeza kwenye bustani moja iliyopandwa chini ya miti, mimea yote ya asili ya nchi ile. Mtukufu akakaa pale akanywa kinywaji, akasikia upepo, akapendezwa. Aliposhuka kwenye ndege akasema, mguu mmoja ukiwa bado kwenye ngazi: "Na sisi tuwe na bustani ya kivuli ya mimea ya asili."

Kufikia jioni tulikuwa na Wizara ya Vivuli na Mimea ya Asili. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Profesa Sangilwa, mtu mwenye shingo nene na leso tatu, ambaye kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Mwangaza. Wilaya yetu ikachaguliwa kuwa ya mfano. Sababu iliyotolewa ni kwamba hapa kwetu kivuli tayari kilikuwepo, hivyo serikali ingeanza kwa mafanikio.

Tulifurahi, sikufichi. Mama Tumsifu alinishika mkono akasema, "Naku, labda na dari watatuwekea."

Profesa Sangilwa alifika na msafara, akasimama chini ya mikuyu, akahutubia. Wajawazito waliamriwa wakae. Kuna waliokuwa wamelala, wakainuliwa.

"Ndugu wananchi!" akaanza. "Kwa miaka mingi kivuli katika nchi hii kimeachwa kiholela. Kimekuwa kikianguka popote, juu ya yeyote, bila mwongozo. Mnyonge anakaa kivulini, mkubwa anakaa kivulini, hakuna utaratibu! Serikali ya Mtukufu haitavumilia kivuli kinachoanguka bila mwongozo!"

Msemaji wa shughuli akaninyooshea kidole, nami nikapiga vigelegele. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaishi.

Kisha wataalamu wakaingia kwenye kangaga na viatu vyao. Mmoja aling'oa moja, akaishika kwa ncha za vidole kama anashika soksi ya mtu.

"Hii imetoka wapi?"

"Porini, baba, nyuma ya kilima kile," akajibu Mama Tumsifu.

"Nani alithibitisha kuwa ni ya asili?"

"Imeota hapa tangu bibi yangu hajazaliwa."

"Kuota si uthibitisho, mama. Hata chunusi huota zenyewe." Wenzake wakacheka, Waziri akacheka, na msemaji akanitazama kama nami nicheke. "Mmea wa asili lazima upitishwe na maabara ya ng'ambo. Huu haujawahi kusafiri. Huu ni gugu."

Wakang'oa vyote. Masale, mkonge pori, vijiua vya zambarau, vyote vikatupwa kwenye rundo nyuma ya choo vikamwagiwa mafuta ya taa. Katika rundo hilo kulikuwa na mche wa kila mtoto aliyezaliwa pale akiwa hai. Moshi wake ulikuwa mzito na mchungu, ukaingia wodini, na Tumsifu akakohoa mpaka akatapika. Sista Apaisaria alitoka nje na ndoo ya matapishi, akapita nayo karibu kabisa na viatu vya Profesa. Nilitamani ajikwae. Hakujikwaa, yule ni mwanamke mwenye adabu.

*

Mimea ya asili ilifika kwa meli. Ilikuwa ndani ya makontena, kila mmoja umevikwa nailoni na kufungwa utepe, na mwenye tenda alikuwa shemeji wa Profesa Sangilwa, jambo ambalo Wizara ilieleza kuwa ni ushahidi wa moyo wa kifamilia. Ilipandwa uani kwa sherehe, mistari imenyooka. Ilikuwa mizuri, majani mapana, maua mekundu ya kung'aa. Sista Apaisaria alisoma kilichoandikwa kwenye nailoni akamwambia mtaalamu, "Hapa wanasema hii ni ya kupandwa juani."

"Wanasema juani kwa kwao," akasema mtaalamu. "Jua la kwao ni kivuli cha kwetu."

Haikupita wiki, ile mimea ikaanza kunyauka. Majani yakawa ya njano, kisha ya kahawia, kisha yakaanza kunuka. Wizara ikatuma tume. Tume ikakaa kwenye hoteli ya mjini, ikala kuku, ikatafakari, ikaja na majibu: mimea haina tatizo, udongo hauna tatizo, na kwa namna ya pekee shemeji hana tatizo. Tatizo ni kivuli. Kivuli kimezidi kiwango.

Na watu wa televisheni nao wakasema hivyo hivyo. Walikuja kupima eneo la kupigia picha, wakalalamika kwamba chini ya mikuyu ni giza, taifa halitaona kitu. Walinzi wa Mtukufu nao wakasema matawi yale yanaweza kuficha adui.

Basi wakaikata mikuyu.

Nawaomba mnielewe vizuri, maana nilipomsimulia mtu wa wilaya nyingine alidhani namtania. Walikata miti ili kuiokoa bustani ya kivuli. Misumeno ililia siku nzima. Mkuyu wa mwisho ulipoanguka, mwanga ulituingia machoni tukainamisha vichwa, na kuanzia hapo pale uani pakawa uwanja. Visiki wakavipaka chokaa. Mawe yote ya njiani wakayapaka chokaa, kama ilivyo kawaida yetu mkubwa akija. Kuna jiwe moja lilikuwa limekaliwa na mbuzi. Mbuzi alikataa kuondoka, wakampaka pia.

Siku hiyo hiyo Mama Tumsifu alimfuata Profesa Sangilwa mpaka kwenye mlango wa gari lake. Nilikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Unaona maendeleo?"

"Naona, baba. Nina mgonjwa. Mwanangu ana mimba na presha, nesi amesema akae penye ubaridi. Sasa kivuli kimekwenda wapi?"

"Kivuli kinakuja, mama."

"Kinatoka wapi?"

"Kimeagizwa."

Mama Tumsifu alimtazama. Nilidhani atalia, hakulia. "Mheshimiwa, kitafika lini? Maana mtoto hatasubiri meli."

"Mama," akasema Profesa, akijifuta shingo kwa leso ya pili, "wewe unafikiria mtoto mmoja. Mimi nafikiria taifa." Akapandisha kioo. Ndani ya gari lile kulikuwa na ubaridi, ulitupiga usoni kidogo kabla kioo hakijafungwa. Nilisonya mpaka dereva akageuka.

*

Tumsifu akarudishwa wodini kwenye bati. Mama yake alimlowanishia kitenge, akamfunika nacho, kikakauka. Akakilowanisha tena, kikakauka. Uso ulivimba mpaka macho yakawa madogo. Alilalamika kichwa, akasema anaona vimulimuli. Sista Apaisaria aliposikia vimulimuli alishtuka waziwazi, akaagiza gari la wagonjwa limpeleke hospitali ya mkoa upesi.

Gari la wagonjwa halikuwepo. Lilikuwa limechukuliwa kwenda kupigwa rangi kwa ajili ya msafara wa Mtukufu. Mtukufu hatembei bila gari la wagonjwa nyuma yake, na la kwake lilikuwa gereji, hivyo wilaya ilijitolea la kwetu. Kujitolea ndiko walikoita. Magari mengine yote ya mji yalikuwa yamezuiwa barabara isafishwe. "Vumilieni," akasema Mkuu wa Wilaya kwenye simu. "Kesho Mtukufu mwenyewe anakuja na gari litakuwepo hapo hapo zahanatini. Mna bahati."

Kesho yake ndiyo uzinduzi.

Niliwahi, nimejifunga kitenge chenye picha ya Mtukufu, uso wake ukinikalia tumboni. Katikati ya uwanja, palepale mikuyu ilipokuwa, walikuwa wamesimamisha hema kubwa jeupe. Chini yake kulikuwa na viti vya kuegemea, zulia jekundu, mapangaboi na maji ya baridi. Sisi wananchi tulipangwa nje, juani. Watoto wa shule walianza kuanguka kabla ya wimbo wa taifa, wakawa wanasombwa kimyakimya kutoka safu za nyuma, ili ile ya mbele ibaki imenyooka. Wajawazito walifungiwa wodini mlango ukakomewa, kwa sababu msimamizi wa itifaki alisema matumbo yanaharibu picha.

Na ile bustani? Mimea ya ng'ambo ilikuwa imeshadhoofika kivulini, jua likaimalizia. Usiku wa kuamkia sherehe wakaiondoa yote wakapanda ya plastiki. Kwa macho yangu nilimwona Mtukufu akiinama kwenye ua la plastiki, akalinusa muda mrefu, akafumba macho, akasema kwenye kipaza sauti: "Hii ndiyo harufu ya nyumbani." Wakapiga makofi. Profesa Sangilwa alitoa leso ya tatu, akajifuta machozi.  

Ndipo tukasikia mlango wa wodi unapigwa kutoka ndani. Sista Apaisaria alikuwa anaupiga kwa stuli. Ukavunjika, akatokea, kofia imeanguka. "Kifafa cha mimba!" akapiga kelele. "Nisaidieni kubeba! Atakufa humu!"

Nilikimbia. Mimi, yeye na Mama Tumsifu tulishika godoro, Tumsifu akiwa juu yake, mwili umekakamaa, mate yanatoka. Tulitoka naye nje tukasimama. Tungempeleka wapi? Jua lilikuwa jeupe kila upande, na kivuli kilikuwa kimoja tu. Tukakiendea moja kwa moja, tukalikanyaga zulia jekundu na viatu vyetu vya vumbi.

"Hapa ni kwa wenye kadi," akasema mlinzi.

"Kadi yangu hii," akasema Mama Tumsifu, na akaendelea kutembea. Sijui alimwonyesha nini, mikono yake yote ilikuwa imeshika godoro. Mlinzi akapisha.

Tukamlaza katikati ya viti. Wakubwa wakainua miguu yao isiguswe. Mtukufu akatazama, akafikiri, uso ukamng'aa. Akashika kipaza sauti.

"Mnaona?" akasema. "Mnaona wananchi? Kivuli kimeanza kufanya kazi!"

Wapiga picha wakajazana. Msemaji akaninyooshea kidole. Midomo yangu haikufunguka. Akaninyooshea tena, akakunja uso, mwishowe akapiga kigelegele mwenyewe, sauti ya kiume ya kukwaruza, aibu tupu. Mimi na Mama Tumsifu tulikuwa tumeshika vitenge kama pazia, na ndani yake Sista Apaisaria alikuwa anapambana kumzalisha. Gari letu la wagonjwa lilikuwa hatua chache kutoka hapo, limepakwa rangi, injini inanguruma. Nilimfuata dereva.

"Kaka yangu, twende, mgonjwa yupo hapo."

"Dada, siwezi kutoka kwenye msafara bila amri. Kama yeye amepata dharura, na Mtukufu anaweza kupata."

"Mtukufu anakula korosho!"

"Anaweza kukabwa," akasema dereva. Alikuwa anasema kweli, hakuwa na utani hata kidogo. Macho yalikuwa yamejaa machozi na mikono imeshika usukani, na hakuenda.

Mtoto akatoka. Msichana, mdogo, akalia. Watu wakashangilia, Mtukufu akampa jina papo hapo: Vivuli. Kisha akatazama saa, maana alikuwa na uzinduzi mwingine, akaingia garini, na msafara wote ukaondoka, na gari la wagonjwa nyuma yake likipiga king'ora likiwa tupu.

Wenye hema wakaanza kulikunja. Lilikuwa linasubiriwa huko Mtukufu alikokuwa anakwenda. Sista Apaisaria aliwaambia, "Subirini, damu haijakata." Wakasema wanasikitika, wana amri. Walianza upande wa viti vya wakubwa, wakaja wakivuta turubai taratibu, na jua likaja nalo kwenye zulia mpaka likamfikia Tumsifu usoni. Alikuwa amefumba macho. Mama yake alimwinamia amkinge kwa mgongo wake, akakaa hivyo, na alikuwa bado amekaa hivyo wakati Sista aliposhika mkono wa Tumsifu, akaupima mapigo, akaupima tena, kisha akaurudisha polepole kifuani.

Redio ya taifa ilitangaza kuwa mama na mtoto wanaendelea vizuri, na kwamba mama ameishukuru serikali.

*

Tulimzika Tumsifu kwenye makaburi ya zamani ng'ambo ya kilima. Hapo Wizara haikuwahi kufika. Kulikuwa na miti mikubwa, na chini yake kangaga zimefika magotini, masale kila kaburi, na hewa baridi mpaka waombolezaji wazee wakajifunika mabega. Mama Tumsifu alikuwa amembeba mjukuu mgongoni. Jina ambalo Mtukufu alimpa mtoto hakulitaja hata mara moja.

Mchungaji alikuwa bado anasali tulipoona gari jeusi. Profesa Sangilwa alishuka na wataalamu wawili na mpiga picha. Alikuja kutoa pole ya serikali, akatoa, kwa maneno mengi. Alipomaliza hakuondoka. Nilimwona anainua macho juu kwenye matawi, anayashusha kwenye kangaga, anavuta pumzi, anageuka huku na huku. Wanaume walikuwa wameshaanza kufukia. Yeye akamwinamia mtaalamu wake, lakini sauti yake ilizoea majukwaa, na sote tukasikia.

"Hapa ni pazuri sana. Hapa ndipo tulipaswa kuanzia."

Majembe yakasimama.  

Mama Tumsifu alimkaza mtoto mgongoni, akachukua jembe mkononi mwa kijana aliyekuwa karibu naye. Akatembea hadi upande wa pili wa kaburi la mwanawe, kwenye nafasi iliyobaki wazi kati yake na kaburi jirani. Akachimba mara moja, akalitupa pembeni lile bonge la udongo mweusi, akamtazama Waziri.

"Kama umekipenda kivuli hiki, Mheshimiwa," akasema kwa upole kabisa, "nafasi ipo. Karibu ulale. Sisi tutakufunika."

  Wanaume walikuwa wamegeuka wote kumwelekea, majembe mikononi, wala hawakuwa na hasira, walikuwa wanasubiri tu jibu lake. Profesa akarudi nyuma hatua, akarudi nyingine, akikanyaga kangaga, mpaka akatoka chini ya miti na kufika juani, na huko Waziri wa Vivuli akasimama akijipapasa mifuko akitafuta leso.

Sisi tukaendelea kufukia.